Wazee wanaopotewa na ukumbuko, na kazi ya rangi na mikono

Kila mmoja wetu aliyepata kutembelea wazee, katika mitaa ya Lubumbashi na Bukavu ao vijijini, amekutana na mzee wa namna hii. Anauliza mara tano katika saa moja kama wageni wamekwisha kula. Anamwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Usiku anafungua mlango na kutoka, akisema anarudi kwao, naye yuko kwao. Anaficha feza chini ya godoro, kiisha anamshtaki mke wa mtoto wake kwamba ameiba. Watu wa nyumba wanachoka, majirani wananong'ona, na neno moja linaanza kuzunguka katika mtaa: ulozi.

Neno hilo si la mchezo. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa na vikundi vya watu kwa shutuma ya ulozi, na wengi wa walioshtakiwa walikuwa wazee. Hatusemi kwamba wote walikuwa wagonjwa. Lakini mama mzee anayetembea usiku peke yake na kusema maneno yasiyoeleweka, huyo yuko karibu na hatari hiyo kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo yafaa kwanza kuujua ugonjwa wenyewe, na kiisha kujua nini inaweza kufanyika pale ambapo dawa haiponyi. Katika kurasa hizi nitaeleza jambo moja tu, nalo ni kazi ya sanaa: kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kusuka, kutunga hadithi.

Wanganga wa lupitalo wanauita ugonjwa huu demansi. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo magonjwa mbalimbali ya ubongo yanaweza kuileta. Ugonjwa mkubwa kati ya hayo unachukua jina la Alois Alzheimer, munganga Mdachi, ambaye mwaka 1906 alieleza mbele ya wenzake habari za mwanamke mmoja aliyempokea katika lupitalo la Frankfurt mwaka 1901. Shirika la Afya la Dunia limehesabu watu milioni 57 wenyi demansi katika dunia yote mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 wanakaa katika nchi zenyi mali kidogo ao ya kadiri. Basi si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyodhani. Si laana, wala si mwendo wa kawaida wa uzee, maana wako wazee wa miaka 90 wanaojua deni la kila mtu katika kijiji.

Sasa, kwa nini rangi na udongo vimsaidie mtu ambaye ubongo wake unaharibika? Jibu ni kwamba ukumbuko si chumba kimoja. Tufikiri nyumba yenyi vyumba vingi, na moto umeanza katika kimoja. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu inayoumia mapema ni ile ndogo iliyo ndani ya ubongo, huku na huku, usawa wa masikio. Kazi yake ni kuyashika mambo mapya. Ndiyo maana mzee anasahau ugali alioula saa sita, lakini anaeleza safari aliyoifanya alipokuwa kijana. Ufundi wa mkono una makao mengine. Mama aliyesuka mikeka miaka 50 anaweza kushindwa kutaja jina la mkeka, ukimpa majani vidole vinaanza kazi vyenyewe. Tena nyimbo za ujana zinakaa muda mrefu.

Vilevile moyo unashika mambo ambayo akili imeyaacha. Mwaka 2014, katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, wenyi elimu walionyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za kuchekesha. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona. Lakini huzuni ile, na furaha ile, zilibaki ndani yao. Hapa tuangalie vema. Mtu aliyegombezwa asubuhi hatakumbuka ugomvi, lakini atabaki na uchungu bila kujua umetoka wapi. Na mtu aliyekaa saa moja na rangi, akicheka, atasahau rangi, furaha itakaa naye bado kitambo. Anayesema «Kazi gani hii ya bure, kesho hatakumbuka» hajaelewa jambo lenyewe.

Kwetu katika Katanga neno hili halitushangazi sana. Wazee wa Baluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo uliopigwa shanga na simbi, ao kuchongwa alama. Watu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kuume walifuata shanga moja moja, wakisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Walijua kwamba kidole kinaweza kuita neno ambalo mdomo peke yake haulipati. Lukasa haikufanywa juu ya wagonjwa, na tusichanganye mambo. Lakini inaonyesha kwamba kuunganisha mkono na ukumbuko si maarifa yaliyoletwa juzi kwa ndege.

Jina la kazi hii katika uganga, hata hivyo, limetoka Uingereza. Adrian Hill, mchoraji, aliugua kifua kikuu, akaanza kuchora kitandani, kiisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 alitoa jina la kuponya kwa sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake. Baadaye kazi ilienea kwa wagonjwa wa akili na wengine wengi, hata ikafika kwa wazee. Mimi napenda kusema kutunza kuliko kuponya, maana katika demansi hakuna rangi inayorudisha ubongo uliokufa.

Mfano unaojulikana sana ni wa William Utermohlen. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1933, akakaa London akiwa mchoraji. Mwaka 1995 wanganga walimwambia kwamba ana Alzheimer. Hakuacha kazi. Aliendelea kuchora uso wake mwenyewe, mwaka kwa mwaka, mpaka karibu na mwaka 2000. Tukizipanga picha hizo, tunaona ugonjwa ukitembea. Mwanzoni uso ni kamili, lakini macho yana hofu. Katika picha ya mwaka 1997 kuna msumeno kando ya kichwa chake. Kiisha mistari inalegea, macho na pua vinahama pahali pao, sababu ile sehemu ya ubongo inayopima nafasi ya vitu inaharibika. Za mwisho ni za kreyo tu, na uso ni kama kivuli. Wanganga waliomtunza waliandika juu yake katika gazeti la uganga The Lancet mwaka 2001. Naye alikufa mwaka 2007.

Kitu gani chaonekana hapa? Wengi wanaona uharibifu tu. Lakini mtu ambaye hakuweza tena kueleza kwa maneno jambo linalompata, aliendelea kulieleza kwa mkono, miaka mitano hivi. Hofu yake tunaijua kwa sababu aliichora. Wagonjwa wengi wanabaki na hofu ya namna hiyo, na hakuna anayeiona, wanaitwa wakaidi.

Pengine msomaji atasema: «Huyu alikuwa fundi. Kambo yangu hakushika burashi hata siku moja.» Ni kweli. Kwa huyo tusianze na burashi. Tuanze na kazi aliyoizoea. Mfinyanzi apewe udongo, mshonaji apewe vitambaa vya rangi, mlimaji apewe mbegu na maharagwe ya rangi mbalimbali azipange. Kama anaweza bado kusema, kuna njia ya hadithi. Mwaka 1996, Anne Basting, Mmarekani, alikuwa akijaribu kuwafanya wazee wenyi demansi wakumbuke na kuigiza mambo yao ya zamani, na kila juma alishindwa. Mwisho alichana katika gazeti picha ya mpanda-farasi, akawaambia: tusikumbuke, tutunge. Anaitwa nani huyu? Anakaa wapi? Wazee wakaanza kusema na kucheka, naye akaandika kila neno. Kutoka siku ile aliifanya kazi hiyo kuwa njia kamili, ambayo wengi wameifuata. Siri yake ni hii: ulizo la «Unakumbuka?» ni mtihani, na mgonjwa anajua kwamba ataanguka. Ulizo la «Unaona nini hapa?» halina jibu la uongo.

Sasa tuje kwa matendo. Chagua asubuhi, mgonjwa akiwa amekula na kupumzika, maana jioni wengi wao wanatatizika zaidi. Mahali pawe na mwanga na kimya; redio izimwe, isipokuwa unataka wimbo. Keti kando yake ao mbele yake, si nyuma. Weka juu ya meza vitu vichache, rangi mbili ao tatu. Ukiweka kumi atachanganyikiwa na kuacha. Karatasi iwe kubwa, na iwe ya rangi tofauti na meza, kusudi macho yaione. Usieleze kwa maneno mengi. Chukua burashi wewe mwenyewe, anza kidogo, naye atakutazama na kufuata. Nusu saa yatosha. Kama anataka kuendelea, vema, kama anasimama baada ya dakika kumi, usimvute. Angalia sana wale wanaotia kila kitu mdomoni: kwao rangi ya nyumba na shanga ndogo ni hatari, tumia unga, udongo safi, rangi za chakula.

Usimsahihishe. Akipaka mbuzi rangi ya majani, mbuzi yule ni wa majani. Tusimpe vilevile picha za watoto wa shule azijaze rangi, maana mzee aliyesahau jina lake hajasahau heshima yake. Hapa napenda kuwakumbusha wasomaji habari ya Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyeanzisha mwaka 1946 nyumba ya wachoraji katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Aliwapa vijana rangi na nafasi, hakutaka waige picha za Ulaya. Kwa hiyo Pilipili alichora samaki na ndege kwa namna yake, na Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole bila burashi. Walikuwa wazima wa akili, na kazi yao ilikuwa sanaa ya kweli. Lakini mwendo ule wa kumwacha mtu atoe kilicho ndani yake ndio unaofaa kwa wagonjwa wetu. Tena mzee ambaye mkono wake hauwezi kushika burashi, amwige Bela.

Tusiongeze sifa kupita kweli. Mwaka 2018 wenyi elimu wa shirika la Cochrane walitafuta majaribio yaliyofanywa kwa taratibu kamili juu ya kutunza wenyi demansi kwa sanaa. Waliyapata mawili tu, yenyi watu 60 kwa jumla, wakasema hayatoshi kuhakikisha faida. Kwa hiyo tusiwaambie watu wa nyumba kwamba mzee atapona, wala tusimzuie kwenda kwa munganga; maana pengine usahaulifu unatoka kwa homa, kwa dawa isiyomfaa, kwa ukosefu wa vitamini ao kwa huzuni kubwa, na mambo hayo yanatibika. Faida ninayoweza kuitetea ni ndogo zaidi, lakini si kitu cha kuzarau: saa moja ambayo mgonjwa hagombezwi, na mtoto wake anamwona akifanya kitu badala ya kumwona akikosa kitu.

Neno la mwisho ni juu ya mahali. Wengi wanapenda kumficha mgonjwa katika chumba cha nyuma, juu ya haya. Mimi nashauri kazi ifanyike barazani, kama mgonjwa mwenyewe hakatai, pale ambapo majirani wanapita. Watoto watakaribia kwanza, sababu ya rangi. Wapewe nao karatasi. Kiisha mama zao watakuja kuwatafuta, watauliza mzee anafanya nini, na mtu wa nyumba atapata nafasi ya kuwaeleza kwa sauti ya kawaida, mchana, kwamba kambo ana ugonjwa wa ubongo na jina la ugonjwa huo ni demansi.