Uzito Upi? Istilahi za Kiungio cha Trela

Mfasiri aletewapo maelekezo ya kukokota trela dogo la malazi, yaani lile lenye vitanda na jiko, livutwalo na gari la kawaida, neno la kwanza kumtatiza ni "uzito". Tumeonelea tulifafanue hapa, kwa kuwa kosa la neno hili haliishii karatasini, huishia barabarani.

Vifaa vyenyewe si vigumu kuvitaja. Nyuma ya gari hufungwa chuma chenye kichwa cha mviringo, nacho twakiita tufe. Mbele ya trela mna kikombe kinacholifunika tufe hilo na kulikamata. Chini yake hupishanishwa minyororo miwili ya usalama, ili kikombe kikichopoka, mkono wa trela udakwe usichimbe barabara. Vyote kwa pamoja ni kiungio.

Uzito, lakini, ni wa namna tatu. Uzito mtupu ni wa trela lisilo na shehena. Uzito jumla ni wa trela pamoja na maji, gesi na mizigo yote. Uzito mwegemeo ni ule tu unaokandamiza tufe. Huko Marekani hushauriwa kuwa mwegemeo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito jumla. Hivyo trela la kilo 900 huegemeza kilo 90 hadi 135. Mwegemeo ukipungua mno, trela huyumba huku na huku hata likaweza kulipindua gari. Ukizidi, gari huinama nyuma, na magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko. Ulaya hutumia mwegemeo mdogo zaidi, na mtengenezaji wa gari ndiye auwekaye ukomo wake. Mfasiri, basi, asihamishe tarakimu za huku kuzipeleka kule.

Katika kuchagua kiungio, kanuni ni moja: nguvu yake ni ile ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Ikiwa gari limeruhusiwa mwegemeo wa kilo 75, tufe la kuhimili kilo 150 halimwongezei mwenye gari hata kilo moja. Kwa hiyo anayeandika "uzito usizidi kilo 75", bila kusema ni uzito upi, hajafasiri kitu.

Hadhari ya mwisho ni ya vipimo. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50; la Marekani litumikalo sana lina inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti ni ndogo, lakini kikombe cha moja hakikusudiwi tufe la jingine. Mfasiri akiiandika inchi 2 kuwa "milimita 50", amemwelekeza msomaji kwenye kifaa kingine.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Wasomaji wanaojua maneno yatumiwayo na mafundi katika gereji zao wanaombwa watuletee, nasi tutayapima pamoja na haya.