Nyumba Kongwe na Mkopo wa Serikali

Kaunti ya Adams, Pennsylvania, ilianzishwa mwaka 1800 ilipomegwa kutoka kaunti ya York. Makao yake makuu ni Gettysburg, palipopiganwa pigano la Julai 1863 katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ukitoka mjini unakutana na mashamba ya matufaha na nyumba za mawe na matofali zilizohimili vizazi. Anayetaka kununua mojawapo kwa mshahara wa kawaida mara nyingi hukwamia kwenye malipo ya awali.

Hapo huingia serikali ya Marekani, na vijijini msaada mkubwa hutoka Wizara ya Kilimo. Mpango wake, uliotokana na Sheria ya Makazi ya 1949, ulianza na wakulima. Mwaka 1961 wakazi wengine wa vijijini nao wakaruhusiwa. Leo familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kununua bila kutanguliza hata senti, mradi anwani ya nyumba imo katika ramani ya wizara ya maeneo yanayostahili. Benki ndiyo hukopesha, na wizara hudhamini. Kwa mkopo wa dola 250,000, ada ya dhamana ni asilimia 1, yaani dola 2,500, na huweza kuongezwa kwenye deni. Kisha kuna ada ya asilimia 0.35 ya deni lililobaki kila mwaka. FHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 1934 ambao nao hudhamini mikopo ya nyumba, hutaka angalau asilimia 3.5 ya bei: dola 8,750 kwa nyumba ya dola 250,000. Waliotumikia jeshi wana mpango wao tangu 1944.

Lakini dhamana hiyo inamlinda nani? Benki. Mnunuzi akishindwa kulipa, nyumba huuzwa, kisha serikali humfidia mkopeshaji. Kila mnunuzi anastahili kuelezwa hilo kabla ya kutia sahihi.

Nyumba nayo hukaguliwa. Rangi inayobanduka kwenye fremu ya dirisha, ikiwa nyumba ilijengwa kabla ya 1978, huchukuliwa kuwa huenda ina madini ya risasi, sumu kwa watoto; lazima ishughulikiwe kwa usalama. Maji ya kisima hupimwa. Muuzaji aliyepata mtu mwenye fedha taslimu huenda asisubiri hayo yote, na hapo mnunuzi wa mkopo huikosa nyumba ingawa benki ilishamkubali.

FHA ina mkopo mwingine, 203(k), unaounganisha bei ya nyumba na gharama za ukarabati katika deni moja. Fedha za mafundi hutolewa kwa awamu kadiri kazi inavyokaguliwa. Anayetamani nyumba ya mwaka 1880 aulizie mkopo huo kabla hajataja bei kwa muuzaji.