Remain in Light: Bendi ya Roki Ilipoingia Studio Bila Nyimbo

Bendi ya Talking Heads, iliyoundwa New York mwaka 1975, ilijipatia jina kwa roki ya sauti kavu na magitaa ya kukatakata, lakini ilipofikia albamu yake ya nne, Remain in Light ya mwaka 1980, ilikuwa imebadilika kiasi cha kuonekana kama kundi jingine. Wachambuzi wengi huyahusisha mabadiliko hayo na afrobiti, yaani muziki wa Fela Kuti wa Nigeria unaosuka pamoja jazi, fanki na midundo ya Afrika Magharibi, ambao ulimvutia sana mwimbaji David Byrne na mtayarishaji Brian Eno. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi, kwa sababu kilichobadilika zaidi ni namna ya kutunga.

Awali Byrne ndiye aliyeleta wimbo, wenzake wakaupigia. Safari hii, katika studio ya Compass Point iliyokuwa Nassau, Bahamas, wanamuziki walianza na vipande vifupi vya mdundo vilivyorudiwarudiwa kwa dakika kadhaa, wakarekodi ala moja juu ya nyingine, kisha kwenye meza ya kuchanganyia sauti baadhi ya ala zikanyamazishwa na nyingine kufunguliwa, hata ubeti na kiitikio vikapatikana. Maneno yalikuja mwishoni. Roki ya kawaida husogezwa na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinapopishana. Hapa nyimbo kama "The Great Curve" hukaa kwenye kodi moja, na kinachosogea ni safu za ala na sauti za waimbaji, jambo ambalo halitamshangaza aliyezoea sebene, yaani sehemu ya kucheza ya rumba ya Kongo ambamo magitaa hurudiarudia.

Mfano ulio wazi zaidi ni "Once in a Lifetime". Gitaa la besi la Tina Weymouth hurudia noti chache zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, huku Eno akiwa ameuhesabu mpigo wa kwanza mahali tofauti na wenzake, na hesabu zote mbili zikaachwa ziishi pamoja. Ndiyo maana wimbo huo huonekana kuyumba ilhali ngoma za Chris Frantz hazitetereki.

Mwisho wa upande wa pili wa sahani hauna nguvu hiyo. "The Overload", unaofunga albamu, unajikokota, na mfumo wa kusuka midundo unakosa pumzi pale mwendo unapopungua. Albamu hii pia haikuwa afrobiti halisi, wala haikudai kuwa hivyo: Fela aliweza kuuacha wimbo mmoja ujaze upande mzima wa sahani, ilhali Talking Heads walibana nyimbo 8 ndani ya dakika 40 hivi. Mwaka 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya albamu yote, na miongoni mwa waliopiga ngoma alikuwa Tony Allen, mpigaji wa Fela mwenyewe.