Bastola ya Kale kwa Bunduki Yenye Nakshi

Tuseme kwamba mzee mmoja wa Tulia, katika nchi ya Kitui, anayo bastola ya zamani iliyotengenezwa na kiwanda cha Webley mjini Birmingham, nayo ni ya aina ya sita, ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1915. Cheti chake anacho, nacho ni halali. Siku moja akajiwa na rafiki yake wa miaka mingi, akamwambia: "Mzee mwenzangu, nipe bastola hiyo nami nikupe bunduki yangu fupi. Kitako chake kimechongwa majani na wanyama, hata ukikitazama macho hayashibi." Je, akubali?

Mzee huyo ni wa mfano tu, lakini swali lake si la mchezo. Katika nchi nyingi wako watu wanaokusanya silaha za kale kama wengine wakusanyavyo stampu, nao hubadilishana hivyo kila siku. Wengine hufurahi, na wengine hujuta kabla ya jua kuchwa.

Thamani ya silaha hutegemea macho ya anayeitazama. Wakamba wa Kitui wanacho kisa kikubwa cha jambo hili. Mmisionari Krapf alifika kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, mwaka 1849, na katika safari hiyo akauona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851 walifuatana kwenda upande wa mto Tana, wakashambuliwa njiani, na Kivoi akauawa. Krapf akakimbia peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu wala chupa, basi akatia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaendelea na safari. Siku ile bunduki ilikuwa mtungi, na hapana shaka kwamba asingalikubali kuibadili kwa nyingine yoyote yenye mtutu mfupi zaidi.

Sasa tuzitazame silaha zenyewe. Bastola ya Webley huvunjika katikati: mtu husukuma kitasa kwa kidole gumba, mtutu ukainama mbele, na maganda yote sita ya risasi yakasukumwa nje kwa mara moja. Ni chuma kizito, kilichokusudiwa kwa matope ya vita. Bunduki fupi, ambayo wengine huiita karabini, ilibuniwa hasa kwa askari wapandao farasi, kwa maana bunduki ndefu humsumbua mtu aliye juu ya mnyama. Baadaye ilipendwa pia na askari wa miguu waendao katika misitu na wale wapandao magari. Karabini nyingine si adimu hata kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walitengeneza zaidi ya milioni 6 za aina yao iitwayo M1. Basi mtu asidhani kwamba bunduki ni lulu kwa sababu tu yeye hajapata kuiona nyingine kama hiyo.

Lakini hii ina nakshi, na hapo ndipo penye ubishi.

Mkusanyaji wa silaha hutazama kwanza kama kitu kimebaki vile kilivyotoka kiwandani. Hutafuta nambari na chapa, akazilinganisha, ili ajue kama vipande vyote vilizaliwa pamoja. Rangi ya zamani ya chuma huipenda hata ikiwa imechakaa, naye huchukizwa na chuma kilichosuguliwa upya kikang'aa kama sufuria ya arusi. Kwa mtu wa namna hiyo ubao uliochongwa baadaye ni hasara, maana chuma chenye kutu huweza kusafishwa, lakini ubao uliokwisha kutolewa haurudi. Chapa iliyokuwa pale imekwenda pamoja na vumbi la mbao. Lakini ikiwa nakshi ni ya kale, na yajulikana nani aliichonga na kwa ajili ya nani, bei yaweza kupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo mzee wetu asiulize tu kama nakshi ni nzuri. Na aulize ilichongwa lini, na mkono wa nani.

Pia ni lazima atazame mahali ilipochongwa. Vitako vingi vya bunduki za Ulaya na Marekani hufanywa kwa mti wa jozi, kwa kuwa ni mgumu bila ya kuwa mzito kupita kiasi, wala haupindi upesi. Mahali pembamba, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, ndipo penye udhaifu. Fundi mwenye akili huchonga ubavuni mwa kitako, palipo na mbao nyingi, na penye wembamba hukata mistari midogo tu ili mkono usiteleze. Asiye na akili huchimba maua papo hapo penye wembamba, na bunduki ikipigwa mara kadhaa ubao hupasuka. Nakshi ya namna hiyo yafaa kuangikwa ukutani.

Ukambani si nchi ya kudanganywa katika mambo ya mbao. Tangu zamani viti vya wazee, vile vya miguu mitatu, vilipambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliogongwa ndani ya mti ukafanya duara na mapindo, kazi ambayo mafundi wa bunduki wa Ulaya nao waliifanya kwa waya wa fedha juu ya vitako vya matajiri. Tena atokaye Tulia kwenda Machakos kwa njia ya Kitui hupita Wamunyu, mji wa Mutisya Munge, aliyetumikia katika Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza uchongaji wa sanamu huko Tanganyika, akarudi na ufundi ambao leo umewapa riziki maelfu ya watu. Mzee akitaka kujua kama kitako kimechongwa na bingwa au na mwanafunzi, na apige picha ya ubao, akamwonyeshe mchongaji. Bunduki yenyewe asiipeleke.

Hapo tumeufikia mlango wa sheria, na wengi huanguka mlangoni hapa. Sheria ya Silaha ya Kenya, ambayo chanzo chake ni mwaka 1953, hairuhusu mtu kununua, kupokea wala kuwa na silaha bila ya cheti. Cheti hutaja silaha yenyewe na risasi zake, kwa hiyo cheti cha bastola hakimfanyi mtu kuwa mwenye haki ya karabini. Cheti hakirithiwi: mwana aliyeikuta bastola katika sanduku la marehemu baba yake hana haki ya kuifungia tena ndani. Afanyaye kazi ya kutengeneza au kuuza silaha naye ni lazima aandikishwe. Wanaosema, "Hii ni ya kale, ni pambo tu," wakumbuke kwamba adhabu ni kifungo cha miaka, wala si faini ndogo. Mwaka 2016 serikali ilichoma moto silaha 5,250 huko Ngong, na moto haukuuliza ipi ilikuwa na historia.

Basi rafiki hawa wawili wasibadilishane chini ya mwembe. Na waende kwanza kuomba idhini kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kila mmoja kwa silaha anayotaka kuipokea, na mpaka idhini hizo zitoke kila silaha ikae kwa mwenyewe. Mzee naye ajiulize bunduki ataifanyia nini, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 1977.

Akiona kwamba anachokipenda hasa ni nakshi, basi Wamunyu si mbali. Atachongewa kiti, na kiti hakidai cheti.