Paka na Dawa ya Kupe

Katika nyumba nyingi za Shirimatunda, mjini Moshi, paka hafugwi kwa anasa. Kazi yake ni kulinda mahindi na maharage dhidi ya panya, na malazi yake ni gunia kuukuu jikoni au majani makavu kando ya banda la ng'ombe. Aanzapo kujikuna usiku kucha, na watoto wakaamka na vipele miguuni, mwenye nyumba hutazama dawa iliyo karibu, nayo mara nyingi ni ile ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Humpaka paka kidogo tu. Baada ya saa chache mnyama huyo huanza kutetemeka, masikio yakamchezacheza, kisha akashikwa na degedege.

Dawa nyingi za kupe ni za ukoo wa pareto, ua jeupe lilimwalo katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitengeneza permethrini, sumu iliyoigwa na ile ya ua hilo, lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Sumu za namna hii huzuia milango ya sodiamu katika neva isifungike, hata neva zikapeleka habari mfululizo bila kupumzika. Mdudu hufa, ng'ombe na mbwa huivunjavunja sumu katika ini na kuitoa kabla haijawadhuru.

Paka hana wepesi huo. Ini lake lina upungufu wa vimeng'enya viunganishavyo sumu na asidi ya glukuroniki ili iyeyuke majini na kutoka kwa mkojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa jeni ya kimojawapo cha vimeng'enya hivyo imeharibika katika jamii nzima ya paka, simba na duma wakiwamo. Yamkini kwa kuwa wahenga wao walikula nyama tu, wasipate haja ya kupambana na sumu za mimea. Ndiyo maana hata kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua paka.

Mwanafunzi na apige hesabu. Dawa ya kudondoshea mbwa yenye permethrini asilimia 45 ina miligramu 450 katika kila mililita. Mililita moja juu ya paka wa kilo 4.5 ni miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili, kiasi kiwezacho kuua. Tena paka hujiramba, hivyo kilicho juu ya manyoya huishia tumboni. Amitrazi, mafuta ya taa na sumu za kunyunyizia mimea nazo zisimguse.

Dawa ifaayo ni ile ambayo maandishi yake yanamtaja paka kwa jina, uzito wake na umri wake. Miongoni mwazo ni zenye selamektini au fipronili (hii ya pili, ajabu, humdhuru sungura). Kwa paka mchanga, kitana chenye meno ya karibukaribu na bakuli la maji ya sabuni la kutupia viroboto ni salama zaidi. Aliyekwisha kupakwa dawa isiyo yake aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja kutetemeka kuanze.

Wengi hukosea baada ya hapo. Kiroboto jike hutaga juu ya paka, lakini mayai huanguka guniani na sakafuni. Buu hula mavi ya viroboto wakubwa, yaliyo damu iliyokauka, kisha hujisokotea kifuko ambamo pupa aweza kukaa miezi, akingoja joto na mtikisiko wa mnyama apitaye. Wiki mbili baada ya dawa, viroboto wapya huonekana, na mwenye paka, akidhani dawa imeshindwa, humwongezea kabla ya siku yake. Kinachotakiwa wakati huo ni kulichemsha au kulichoma gunia, kufagia nyufa za sakafu, na kungoja tarehe iliyoandikwa.