Kulinganisha Vitu kwa Kiingereza

Msomaji anayejifunza Kiingereza na aangalie jambo hili. Sisi tukilinganisha vitu, neno la sifa halibadiliki: twasema Mlima Kenya ni mrefu kuliko Elgon, na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mrefu kuliko yote ya Afrika. "Kuliko" hufanya kazi yote. Waingereza hubadili sifa yenyewe: "high" huwa "higher" penye milima miwili, na Kilimanjaro huitwa "the highest". Maneno marefu, kama "beautiful", hayapokei mkia huo. Hutanguliwa na "more" au "most".

Wengi huchanganya njia zote mbili, wakaandika "more better". "Better" tayari ni "bora kuliko". Ukiongeza "more" umelinganisha mara mbili. Zamani za Shakespeare Waingereza wenyewe waliandika hivyo bila haya, ila siku hizi huhesabiwa kosa, na mwombaji kazi aliye hodari aweza kudhaniwa hajui kitu kwa sababu ya neno hilo moja. "Good, better, best" na "bad, worse, worst" hayafuati kanuni. Hayana budi kukaririwa. Tena, baada ya "better" neno letu "kuliko" ni "than", wala si "to".