Hotuba Huandikiwa Sikio

Msomaji wa kitabu akipotea hurudi ukurasa nyuma. Msikilizaji wa hotuba hana pa kurudi; sentensi ikimpita, imempita. Istilahi nyingi za uzungumzaji wa hadhara zinaeleweka kwa urahisi ukilikumbuka tatizo hilo.

Kwanza aina, maana hapa watu huchanganya. Risala husomwa na wenyeji mbele ya mgeni rasmi: mafanikio, changamoto, maombi. Mgeni rasmi hujibu kwa hotuba. Mhadhara ni wa kufundisha, mawaidha ni ya kuonya na kukumbusha. Anayesimama harusini kutoa nasaha kisha akafungua kurasa sita zenye vichwa vya habari amekosea aina kabla hajakosea neno.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: uaminifu wa msemaji mwenyewe, hisia anazoziamsha kwa hadhira, na mantiki ya hoja zake. Kwenye majukwaa yetu ya siasa ya pili ndiyo hutumika kupita kiasi, na ya tatu husubiri mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuondoka.

Sasa tuzisikilize istilahi zikiwa kazini. Tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshavamia Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Alisema: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.” Hata waliozaliwa baada ya vita wanaijua sentensi hiyo.

Kurudiwa kwa “kumpiga” na “tunayo” ndiko kunakoitwa takriri. Vipande vyote vimejengwa kwa umbo moja, jina mbele na kitenzi nyuma. Huo ni usambamba. Navyo ni vitatu, idadi ambayo sikio huibeba bila kuandika. Lakini kinachonivutia zaidi ni mpangilio. Raia aliyesikia habari za uvamizi alikuwa na maswali: tutaweza? Kwa nini tupigane? Kweli tutapigana? Kila kipande kinajibu moja, na nia imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo uamuzi wenyewe. Wengi wanaoinukuu leo huupangua mpangilio huo wakidhani ni mamoja. Si mamoja. Adui naye hakutajwa jina ndani ya sentensi. Amebaki herufi moja, “m”, na kila aliyesikiliza alijua ni nani.

Ukiisoma kimoyomoyo utapoteza nusu yake, kwa kuwa mkazo, kiimbo na kituo havionekani kwenye karatasi. Warumi wa zama za Cicero waligawa kazi ya msemaji katika hatua tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika lugha, kuzihifadhi kichwani na kuziwasilisha. Cicero anasimulia kwamba Demosthenes wa Athens, alipoulizwa jambo la kwanza katika usemaji, alijibu ni uwasilishaji. La pili, uwasilishaji. Na la tatu, hilohilo.

Katika uwasilishaji, kinachoogopwa mno ni kituo. Msemaji akinyamaza kidogo huona kama amesahau, hivyo hujaza nafasi kwa “eee” na “yaani”. Kumbe ni katika ukimya huo msikilizaji anapata kuyameza aliyoyasikia. (Utangulizi nao unateswa: dakika ambayo masikio yako wazi kuliko zote tunaitumia kuorodhesha viongozi. Aliyebuni “itifaki imezingatiwa” anastahili shukrani.)

Namna za kuwasilisha ni nne: kusoma, kukariri, kufuata vidokezo na kusema papo kwa papo. Kwa mtu wa kawaida vidokezo ndivyo salama, kwani macho hubaki kwa watu na mpangilio haupotei. Risala, kwa desturi yake, husomwa.

Basi wewe katibu uliyepewa kuandika risala wiki hii, isome kwa sauti kabla hujaichapa. Pumzi inapokuishia, kata sentensi hapohapo. Jedwali la takwimu liache ndani ya nakala atakayokabidhiwa mgeni rasmi, na jukwaani utaje tarakimu moja tu, ile unayotaka aondoke nayo.